Mapanga Mia Nne ya Nyakashozi

SEHEMU YA SABA

Wiki jana tulimwacha Joanitha mbele ya ofisi ya kijiji cha Nyakashozi, jua la saa tatu linamchoma utosi, na Mwenyekiti Adelard amepanda juu ya lundo la mapanga, moja kalishika mkononi, anauliza kwa sauti ya kufukuza nyani: "Joanitha ni nani hapa?"

Wengine mmenipigia simu wiki nzima mkiuliza kama amekatwa. Jamani, tulieni basi!

Joanitha alinyoosha mkono.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Adelard akashuka. Watu wakampisha. Akaja moja kwa moja hadi mbele yake, akalihamishia panga mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Nipe tano!"

Ndiyo, msomaji wangu. Mwenyekiti alikuwa anacheka hadi magego.

"Elfu arobaini na moja!" alisema, akimwonyesha simu. "Watu elfu arobaini na moja wamesoma habari ya kijiji changu. Hata mbunge hajawahi kusomwa hivi!"

"Hawajasoma, Mheshimiwa. Wameona kichwa tu."

"Kwani kuna tofauti gani?"

Joanitha alikuwa na jibu, ila hakuona sababu ya kulitoa.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, karibu, na nitakusimulia haraka. Joanitha ni mwandishi wa Fukuto, ukurasa wa habari wa mtandaoni wenye ofisi ya chumba kimoja pale Omurushaka, juu ya stoo ya mnunuzi wa kahawa. Jumatatu alihudhuria mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Adelard alitangaza jambo la maana kabisa: kwa sababu ya unyanjano, ule ugonjwa unaoozesha migomba, ni marufuku kuazimana panga kutoka kibanja kimoja cha migomba hadi kingine bila kulipitisha motoni. Sheria ndogo ya kijiji, kuanza baada ya siku mbili. Joanitha akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Mhariri wake, Winston, akaiweka habari hewani na kichwa chake mwenyewe: SERIKALI YAPIGA MARUFUKU MAPANGA! WANANCHI WAPEWA SIKU MBILI. Na picha ya watu wenye mapanga, ambao hata Mungu hajui ni wa nchi gani.

Ndani, habari ilikuwa sahihi. Lakini nani afungue? Kufungua kunakula bando. Nyakashozi watu wanasoma kichwa, wanamsomea na jirani, wanaweka simu mfukoni. Kwa hiyo kwa siku mbili, wakati Mwenyekiti yuko harusini Omurushaka, kijiji kizima kilibeba mapanga yake kwa adabu, kikayamwaga mbele ya ofisi, kikarudi nyumbani kula ugali. Fikiria, mtu wa wilaya hii ya Kyerwa ana mikungu imekomaa nyuma ya nyumba, halafu anakula ugali mchana na usiku kwa kukosa cha kukatia!

Mara ya kwanza Winston alipombadilishia kichwa, Joanitha alilia chooni. Mara ya pili aligomba. Mara ya tatu alikunywa chai na chapati, akaendelea na kazi. Sasa ni mwaka wa nne, na moyo wake umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

"Nipige picha nikiwa juu ya lundo," alisema Adelard.

Akampiga. Moja ya kusimama, moja ya kuchuchumaa.

Pikipiki ikaingia kwa fujo. Alikuwa Melkiory, bwana shamba wa kata, kofia ngumu bado ipo kichwani. Aliliona lundo, akaiachia pikipiki ianguke.

"Mungu wangu! Nani ameyachanganya haya?"

"Shikamoo kwanza, Bwana Shamba," Adelard alisema kwa utani.

"Mwenyekiti, hakuna cha shikamoo hapa! Mapanga mangapi haya?"

"Mia nne na kitu."

Melkiory aliokota moja, akakwangua ubapa kwa ukucha. Utomvu uliokauka. Mvua ya jana ilikuwa imeyanyeshea yote, na utomvu wa hili ukachuruzika juu ya lile. Akaliweka chini polepole, akajifuta kidole kwenye suruali, akajifuta tena.

"Nyumba arobaini hapa kijijini zina unyanjano," alisema. "Ninazo kwenye daftari. Mapanga yao ni yapi humu?"

Adelard alilitazama lundo kama analiona kwa mara ya kwanza.

"Basi yote ni ya kwao. Mtu akienda na panga hili akakata mgomba mzima, ameshauua. Miaka mitatu nimehubiri watu wasiazimane panga, leo mmeazimana kijiji kizima kwa mpigo! Hakuna panga kutoka hapa bila kuingia motoni hadi lisishikike."

Adelard akakohoa.

"Tatizo nimeshatangaza kwa spika. Saa sita kila mtu aje achukue."

"Tangaza tena."

"Nitangaze mara mbili siku moja? Kiongozi hayumbi, Bwana Shamba. Mwakani nagombea udiwani." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Melkiory akamgeukia Joanitha. Hakumfokea. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Dada, ni wewe uliyeandika?"

"Habari niliandika mimi. Kichwa sikuandika mimi."

"Na watu wamesoma kipi?"

Joanitha alitoa simu, akasogea kando ya ukuta, akampigia Winston.

"Badilisha kile kichwa."

"Hodi kwanza, mama! Salamu zimekwisha Kyerwa?" Winston alikuwa anatafuna kitu. "Kile kichwa ndicho kinalipa pango mwezi huu."

"Watu wamekusanya mapanga yao. Yamechanganyika. Ugonjwa utaenea kijiji kizima."

"Ndani tumeandika sawa au hatukuandika?"

"Hakuna anayefungua ndani."

"Sasa hilo ni kosa langu au la aliyekosa bando?"

Joanitha alisikia Winston akimeza.

"Sawa, usininunie. Andika ufafanuzi, nitauweka."

Akaandika. Ukawekwa. UFAFANUZI KUHUSU MATUMIZI SALAMA YA PANGA KATIKA UDHIBITI WA UNYANJANO. Kila neno la kweli. Baada ya saa nzima alitazama idadi ya waliousoma.

Kumi na moja. Wawili kati yao ni yeye na Melkiory.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka. Saa tano kasoro alitokea mtu ambaye hakungoja saa sita. Kikongwe mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, hatua za mtu mwenye shughuli zake. Bibi Kokugonza.

Huyo usimwone hivyo. Kibanja chake cha migomba mia moja na ishirini ndicho pekee Nyakashozi ambacho hakijawahi kuguswa na unyanjano, na sababu ni kwamba panga lake halijawahi kuvuka ua wake. Jirani akija kuazima, anapewa maji ya kunywa. Waliong'oa migomba yao mwaka huu wote wanasubiri machipukizi masafi kutoka kwake, msimu wa mvua ukianza. Melkiory alikuwa akisema wazi: kibanja kile kikiugua, Nyakashozi basi tena.

Na panga la Bibi Kokugonza, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, lilikuwa limelala siku mbili kwenye lundo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Joanitha.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye. Bibi, naomba usichukue panga bado. Ngoja tuwashe moto."

Bibi alikuwa ameshainama, anapekua. Akalipata, mpini wake umeviringishwa mpira wa baiskeli. Akalipuliza vumbi.

"Kijana wangu Yustus alinisomea. Joanitha kasema leteni mapanga, tukaleta. Leo Joanitha anasema msichukue. Waitu, jamani, tumsikilize Joanitha yupi?"

"Kichwa kile hakikuwa changu, Bibi."

"Jina lilikuwa lako."

Akalitia panga kwapani, akaondoka. Melkiory alikuwa nyuma ya ofisi anatafuta kuni, hakumwona. Joanitha angeweza kumshika Bibi mkono. Alikuwa karibu kiasi hicho. Alisimama tu, akamtazama hadi alipopotea kwenye migomba, na ndani yake hakikutikisika kitu, wala huruma, wala hofu. Alijiuliza kama ndivyo Winston anavyojisikia kila siku.

Saa tano na nusu. Watu walianza kuonekana kwa mbali barabarani, wanakuja kuchukua mali zao. Kumi, ishirini, akina mama wenye watoto mgongoni. Melkiory alikuwa na kuni tatu na kiberiti.

"Hawatanisikiliza," alisema. "Wana njaa ya ndizi siku ya pili."

Joanitha alikuwa na neno la siri la ukurasa wa Fukuto. Winston alimpa kwa ajili ya Jumapili, siku ambayo yeye Winston huenda kanisani. Hakuwahi kulitumia kwa jambo baya. Akaufungua ukurasa. Akaandika:

KIMENUKA NYAKASHOZI! ATAKAYECHUKUA PANGA BILA KUPITISHA MOTONI, JELA MIAKA MITATU – MWENYEKITI.

Uongo mtupu. Ndani hakuandika kitu, aliweka nukta moja. Nani afungue?

Akabonyeza. Kidole hakikutetemeka, na hilo ndilo lililomshangaza kidogo.

Loo, msomaji, ungeyaona! Barabarani watu walisimama. Simu zikatolewa. Vichwa vikainama, vikainuka. Nusu ya msafara ikageuka nyuma, na Melkiory akaguna kwa kukata tamaa, akidhani wamekasirika. Dakika ishirini baadaye wakarudi, kila mmoja na mzigo wa kuni.

Moto uliwaka mbele ya ofisi ukubwa wa nyumba. Foleni ikanyooka hadi kwenye kisima. Watu wenyewe walikuwa wanaambizana: "Geuza upande wa pili! Mpini usiungue! Wewe, hilo bado baridi, unataka kutufunga?" Melkiory alizunguka na mti mrefu akigeuzia mapanga, jasho linamtoka, anacheka peke yake.

"Dada, umefanyaje? Miaka mitatu nawaomba!"

"Nimeandika kichwa," alisema Joanitha.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Adelard akatoka, macho kwenye simu.

"Nani amesema jela miaka mitatu?"

Akasoma tena. Akatazama foleni. Akatazama idadi kwenye simu, elfu kumi na nane na inapanda. Akatengeneza kola, akapanda kwenye benchi.

"Ndugu wananchi! Kama nilivyosema..."

Joanitha akamvuta pindo la koti, akamnong'oneza. "Mheshimiwa, hukusema. Nimetunga mimi."

Adelard akainama, tabasamu halijamtoka. "Nyamaza. Sikusema, sasa nimesema." Akasimama wima. "Kama nilivyosema! Miaka mitatu, bila faini! Na ninauliza: nani amechukua panga kabla ya moto?"

Watu wakatazamana. Kisha sauti ya mwanamke, Renatha, jirani wa mlango wa pili kutoka kwa Bibi Kokugonza, ikatoka pole pole. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa kuulizwa baadaye kwa nini alinyamaza.

"Bibi Kokugonza nimepishana naye njiani. Alikuwa nalo."

Melkiory aliuachia mti wake.

"Alikuja hapa? Panga lilitoka hapa?" Alimtazama Joanitha, akajua. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

Hakupoteza muda wa kulaumu. "Panda!"

Pikipiki ikapita katikati ya migomba, majani yanawapiga usoni. Melkiory alikuwa anaongea na upepo: asiwe amekata, Mungu wangu, hata mmoja asiwe amekata. Wakafika uani, wakaruka chini, wakaingia jikoni bila hodi.

Bibi Kokugonza alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi kwa kisu kidogo. Panga lake lilikuwa katikati ya mafiga, ubapa mwekundu.

"Mbona mnaingia kama wezi?"

Melkiory akapiga magoti hapo hapo kwenye majivu. "Bibi! Umelipitisha motoni!"

"Si ulinifundisha wewe mwenyewe, mwaka juzi? Mlidhani nimezeeka hadi akili?" Akamwelekeza Joanitha kwa ncha ya kisu. "Huyu ndiye anayedhani watu wote hawajui kitu."

Melkiory alicheka hadi machozi. Joanitha alijua kwamba hapa ndipo mtu anafurahi. Akajaribu. Akaweka tabasamu mahali pake.

Halikukaa. Mlangoni walisimama mgambo wawili.

"Bibi Kokugonza, unaitwa ofisini."

"Kwa lipi?" aliuliza Melkiory. "Panga hilo hapo motoni, mnaliona!"

"Amri ni moto wa ofisi. Huu ni moto wa jikoni."

"Amri gani? Hakuna amri!" Joanitha alisema. "Ile niliandika mimi! Ni uongo wangu!"

Mgambo mmoja, kijana mpole aitwaye Tuyizere, akamtazama kwa huruma. "Dada, mimi mwenyewe nimemsikia Mwenyekiti akitangaza juu ya benchi."

Bibi aliosha mikono. Akajifunga kitenge upya. Akazifunika ndizi kwa jani zisipate inzi.

"Miaka mitatu," alimwambia Joanitha akimpita. "Nitatoka nina sabini na tisa. Uniangalizie migomba."

Melkiory akabaki kulinda kibanja. Joanitha akaketi kwenye kile kigoda, akaandika kwa dakika kumi bila kunyanyua kichwa, na safari hii aliandika ukweli wote. Kwamba kifungo alikitunga yeye. Kwamba Mwenyekiti alidandia. Kwamba Bibi Kokugonza hana kosa, panga lake limepita motoni, kibanja chake ni kizima. Kichwa akakiandika kwa jina lake: MIMI JOANITHA NILIWADANGANYA, BIBI KOKUGONZA HANA KOSA.

Akabonyeza. Akangoja.

Omurushaka, Winston alikuwa ameshaona kwamba mtu anaendesha ukurasa wake, na hakukasirika hata kidogo, maana siku ile ilikuwa imeleta wasomaji wengi kuliko mwezi mzima. Aliisoma ile habari. Hakugusa neno ndani. Dakika mbili, kichwa kikabadilika mbele ya macho ya Joanitha:

BIBI ANASWA NA PANGA LA UNYANJANO! MWANDISHI AFICHUA MAZITO.

Alimpigia Winston. Inatumika. Alimpigia tena. Inatumika. Alijaribu kukirudisha kichwa chake, neno la siri lilikuwa limeshabadilishwa. Alichobakiwa nacho ni kundi la WhatsApp la kijiji, ambalo Winston naye yumo, kwa ajili ya kuokota habari.

Kisha akasikia nyayo.

Walikuja kwa njia ya nyuma, watu arobaini au hamsini, kimya. Kila mmoja na panga jeusi la masizi, lililotoka motoni saa hiyo hiyo. Renatha alikuwa mbele.

Na msiseme walikuwa wabaya. Melkiory mwenyewe ndiye aliyewafundisha: kibanja kikiingiwa na unyanjano, majirani wote wanakuja siku hiyo hiyo, wanafyeka, wanafukia, kabla haujavuka ua. Huo ndio ujirani. Walikuwa wamekuja kufanya wema.

Melkiory akatanua mikono mbele ya mgomba wa kwanza.

"Kibanja hiki ni kizima! Rudini!"

"Imeandikwa, Bwana Shamba," alisema Renatha.

"Fungueni ndani! Someni ndani!"

"Bando limeisha tangu asubuhi, limebaki la WhatsApp la kuonea kichwa tu."

Akampita kwa upande, akainua panga. Mgomba ukaanguka na mkungu wake. Renatha alikuwa analia. Machipukizi yale alikuwa ameahidiwa kumi, ameshachimba na mashimo. Akakata wa pili huku analia. Wengine wakaingia kwenye mistari, na ile sauti ya panga kwenye shina la mgomba, ile sauti laini mnayoijua, ikaanza kutoka kila upande.

Wa tano. Wa sita. Melkiory alikuwa anawashika mikono mmoja mmoja, na wao walikuwa wanajitoa kwa adabu.

Joanitha alisimama mlangoni pa jikoni na simu mkononi. Fikiria nawe, msomaji. Nyakashozi, kitu gani kinasimamisha panga? Polisi wako mbali. Ukweli ameshaujaribu mara mbili.

Msiba. Mtu akifariki, jembe linawekwa chini, panga linawekwa chini, hakuna anayegusa shamba hadi mwenzao azikwe. Anayekata hata jani, watu wanaliweka akilini, na siku yake ikifika atajizika mwenyewe.

Alijua anachotaka kuandika, na alijua kwamba mtu mwenye moyo asingeweza. Aliutafuta moyo wake pale alipokuwa ameuzoea. Ganzi tupu. Akaandika kwenye kundi la kijiji:

TANZIA. BIBI KOKUGONZA WA NYAKASHOZI AFARIKI DUNIA.

Simu zikalia kibanja kizima.

Renatha aliisoma ya kwake. Panga likamtoka mkononi. La pembeni yake likaanguka. Kisha yakaanguka yote, puu, puu, puu, mstari hadi mstari, na mwanamke mmoja akaweka mikono kichwani, akapiga ukunga. Wakapokezana. Ndani ya dakika moja vilio vilikuwa vimevuka bonde.

Migomba kumi na minne ilikuwa chini. Mia na sita imesimama.

Melkiory alikuja mbele yake, uso umemkauka. "Bibi amefariki?"

"Hapana."

Melkiory alirudi nyuma hatua moja, kama unavyomwachia nafasi mgonjwa wa kuambukiza.

Bado sijamaliza. Winston alikuwa ameiona tanzia, akaichukua, akaona ni fupi. Simu zikalia mara ya pili:

BIBI ALIYEKAMATWA NA PANGA AFIA MIKONONI MWA MWENYEKITI!

Pikipiki ikasimama uani. Alikuwa Yustus, kitinda mimba wa Bibi Kokugonza, bodaboda wa njia ya Isingiro, ametoka kumshusha abiria. Simu ilikuwa mkononi, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Joanitha akakimbia, akashika usukani. Kwa mara ya kwanza siku ile alikimbia.

"Yustus! Mama yako yu hai! Nimetunga mimi, nisikilize, yu hai, yuko ofisini!"

Yustus alimtazama, kisha akawatazama watu hamsini wanaomlilia mama yake uani kwake. Akawaamini watu. Akainama, akaokota panga lililokuwa karibu, likiwa bado na joto, akalichomeka chini ya kiti. Akamsogeza Joanitha kwa kiwiko, bila ukali, na pikipiki ikaruka. Vijana sita wakaokota mapanga yao, wakamfuata mbio.

Joanitha akampigia Adelard. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mheshimiwa! Mtoe Bibi nje sasa hivi, watu wamwone!"

"Siyo Mheshimiwa, dada. Ni Tuyizere." Ilikuwa sauti ya yule mgambo mpole. "Mwenyekiti alisoma simu, akairusha mezani, akapanda pikipiki. Kaelekea Rubwera, wilayani. Hakuaga."

"Basi mtoe Bibi wewe!"

"Kamfungia ndani, na ufunguo ameondoka nao."

"Bibi yuko salama?"

"Ni mzima, yuko ndani, anapiga mlango. Amesikia vilio vya huko. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu anafungiwa wakati wa msiba, nimtoe akalie na wenzake." Tuyizere akashusha sauti. "Anauliza ni nani aliyefariki. Nimwambieje, dada?"